Malkia wa Kopa na Mayai ya Baba

Nyumbani kwetu mtu haolewi mpaka vifaranga watoke. Si mila, msije mkaenda kuiandika mahali. Ni uamuzi wa baba yangu peke yake, aliutoa siku fundi kompyuta alipokuja na wazee wake kumposa dada. Wageni walishakunywa chai, walishasifia makochi, walishamaliza hata vile vicheko vya adabu ambavyo havina kilichochekesha. Baba akasema jibu analo, lakini atalitoa siku mayai yaliyomo kwenye mashine yatakapoanguliwa. Mayai yale yalikuwa yanaangaliwa na kompyuta ya kijana huyohuyo. Vifaranga wakitoka salama, basi kijana ni wa kuaminiwa na binti wa mtu. Wasipotoka, wazee wasijisumbue kuchakaza viatu.

Dada alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia. Mimi pia, ila mimi nilikuwa nasikiliza kwa raha. Nilimnong'oneza kwamba ndiye bi harusi wa kwanza ninayemjua aliyewekwa rehani kwa kuku. Hakucheka. Alinifinya mkono, na alama ilikaa.

Ngoja niwaeleze kazi ya baba, maana bila hiyo mtadhani ana wazimu, kumbe ni kidogo tu. Baba anatotolesha vifaranga. Watu wa mtaani wenye kuku wanamletea mayai, yeye anayapanga kwenye mashine yake, kabati la mbao refu kuliko yeye, lenye hita, feni na beseni la maji chini, na baada ya wiki tatu wenyewe wanakuja kuchukua viumbe wanaolia. Miaka yote kabati hilo liliongozwa na kiboksi cha kijivu kilichofungwa ubavuni, sura mbaya, taa moja nyekundu. Joto likishuka kinawasha hita. Likipanda kinaizima. Mambo yakienda kombo kinapiga kelele mpaka majirani wanakuja na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na hakijawahi kuomba sifa.

Shemeji alipokiona kwa mara ya kwanza, alicheka. (Nilianza kumwita shemeji kabla ya posa, ili kumtia presha.) Akamuuliza baba inakuwaje mzee wa hadhi yake anategemea kitu kisichokuwa hata na kioo. Baba anapenda sana neno hadhi. Wiki hiyohiyo kompyuta ya mezani ikaingia chumba cha mashine, waya mmoja ukaenda kwenye kipimajoto, mwingine kwenye swichi ya hita, na kiboksi kikang'olewa. Mama akakiokota, akakitumia kuzuia mlango wa jikoni usijibamize.

Siku ya kuifunga, shemeji alitukalisha akatufundisha mfumo endeshi ni nini, tupende tusipende. Alisema kompyuta bila mfumo endeshi ni bati na nyaya tu. Mfumo ndio unaopokea amri, unaogawa nafasi kwenye kumbukumbu, unaoongea na kibodi na printa, unaoamua nani afanye kazi sasa na nani asubiri. Nikamwambia basi huo ni mama. Mama akasema afadhali mfumo, mfumo haufui soksi za watu. Shemeji hakukata tamaa, akatuhesabia aina zake kwa vidole. Kuna ile ya zamani iliyopokea kazi kwa mafungu, kama kwenye mashine ya kusaga, unaacha gunia lako kwenye foleni unarudi jioni. Kuna ya mitambo mikubwa, inayohudumia watu chungu nzima kwa pamoja na kila mmoja akadhani yuko peke yake. Kuna ya kwenye simu, inayobania betri kama bahili. Na kuna hii ya mezani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele yake, inayofanya mambo mengi kwa mpigo. Ziko na nyingine, alisema, za vitu vidogo vyenye kazi moja tu, lakini hizo hazituhusu.

Hapo kwenye "hazituhusu" wekeni kidole, tutaparudia.

Sisi tulichosikia ni "mambo mengi kwa mpigo". Hamjawahi kuona familia inavyochangamka. Mama akataka nyimbo zake za kwaya ziwekwe humo. Dada akaweka picha za magauni, eti za kuangalia tu. Mimi nikaweka filamu, nyingi, na sitaji idadi. Na juu ya yote hayo, pembeni kabisa ya kioo, ikakaa namba ya kijani, kubwa, ya joto la mayai. Ukisimama jikoni ukachungulia dirishani unaiona. Thelathini na saba na nukta zake, roho inatulia, unarudi kwenye sufuria.

Baba peke yake hakutaka kuwekewa kitu. Alisema mashine ni ya mayai, sisi ndio tunaoigeuza kijiwe. Yeye kila asubuhi aliingia humo, akafunga mlango, akakaa muda mrefu. Alisema anasikiliza mayai. Na si uongo, jambo hilo lipo: kifaranga akikaribia kutoka hulia akiwa bado ndani ya ganda, na ukiweka sikio unamsikia. Baba ana sikio la hiyo kazi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Tulikuwa tunapita mlangoni kwa kunyata, tusije tukamkatisha.

Jambo moja la mwisho kuhusu baba, nalo ni karata. Nyumbani kwetu karata hazitajwi. Nilipokuwa kidato cha pili alinikuta na pakiti uvunguni mwa kitanda, akaitia jikoni kwenye makaa mbele ya macho yangu, mfalme, malkia, wote, huku akisema karata ni shule ya wavivu na yeye hakunizaa ili nihitimu huko. Tokea siku hiyo hata neno kopa nalitamka nikiwa mbali.

Basi. Siku yenyewe ilianza vizuri mno, na mimi siku zikianza hivyo huwa nazitilia shaka. Mayai yalikuwa yamebakiza siku mbili. Baba alikwenda kuyasikiliza, akatoka akiwa kimya, akasema anakwenda kununua chakula cha kuku, akaondoka bila kumaliza chai. Mama akachungulia dirishani, akasema namba nzuri. Dada akachungulia, akasema namba nzuri. Mimi nilichungulia nikiosha vyombo, na tena nikianika nguo. Nzuri. Nilipomaliza nikaona nimestahili nusu saa ya filamu, nikajifuta mikono nikaingia.

Nikashika kipanya, hakikusogea. Nikakigonga mezani, wapi. Ndipo nilipoacha kuangalia namba nikaangalia kioo kizima.

Katikati ya kioo kulikuwa na mchezo wa karata, ule wa kucheza peke yako, ambapo nyekundu hupangwa juu ya nyeusi. Karata zimepangwa safu kwa safu, vizuri, kwa mkono wa mtu mwenye uzoefu. Na malkia wa kopa alikuwa hewani, amenyanyuliwa kutoka safu moja hajafika nyingine, ameganda hapohapo kama aliyeitwa na mkwewe.

Nilisimama nikihesabu watu wa nyumba ile kichwani. Mama hajui hata kushika kipanya, nyimbo zake huwa anawashiwa. Dada hajaingia humo tangu jana. Mimi sikucheza. Aliyebaki ni baba, na mlango uliofungwa, na mayai yanayosikilizwa.



Nikataka kucheka, na kicheko kilikuwa kinakuja kizuri, mpaka macho yangu yalipodondokea ile saa ndogo ya chini ya kioo. Ilisema ni saa ya chai. Jikoni maharage yalishaiva, na jua lilikuwa limefika utosini. Nikaangalia namba ya kijani. Nzuri kabisa. Nikaangalia saa tena. Saa haikusogea, namba haikusogea, malkia hakusogea. Ndipo nilipoelewa: ile namba tuliyokuwa tunaisifia asubuhi nzima ilikuwa picha. Ilikufa wakati wa chai, ikabaki imesimama na nguo zake nzuri, na sisi tunapita tunaiamkia.

Nikafungua kabati, nikagusa yai. Lilikuwa baridi kama kokoto la mtoni. Nikagusa jingine, na la trei ya chini. Hita ilikuwa imezimwa kwa muda mfupi kama kawaida yake, halafu aliyetakiwa kuiwasha tena akaganda.

Sikupiga kelele. Watu wa nyumbani wananiita Redio, kwa hiyo mama alipoingia akanikuta nimekaa kimya sakafuni, alijua kwanza kwa kunitazama mimi. Akagusa yai. Akakaa karibu yangu. Dada alisimama mlangoni, akatuona tulivyo. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagota ukutani, mkono mdomoni, macho yamemtoka pima. Mimi niliyemfananisha na rehani ya kuku nilikwenda nikamshika mkono.

Tulimpigia shemeji simu. Alikuja anakimbia, bisibisi bado iko mkononi, shati limefungwa vifungo visivyooana. Aliingia, akagusa yai, kisha akainua uso kwenye kioo. Nilikuwa nimesimama kando yake na nilimwona alivyoona. Macho yake yalikwenda kwenye namba, yakaenda kwenye saa, yakaenda kwa malkia wa kopa, yakatulia hapo. Kisha akaniangalia mimi. Mama na dada walikuwa wameshughulika na trei, hawakutuona.

"Shem," aliniuliza kwa sauti ya chini, "huu mchezo ni wako?"

Nikatikisa kichwa. Akamwelekezea mama kidole cha kuuliza, nikatikisa. Hakuendelea. Tulisikia lango likilia, na baba akilitua gunia lake kibarazani.

Hebu fikirini na nyie. Kijana anasubiri jibu la posa. Mayai yamepoa mikononi mwa kompyuta yake. Na pale kwenye kioo kuna ushahidi wa rangi nyekundu kwamba aliyekuwa anacheza wakati mambo yanaganda ni mzee mwenyewe mwenye jibu. Ningekuwa mimi, ningekiweka kioo kile kwenye fremu nikakitundika barabarani. Shemeji alinyoosha mkono taratibu, akabonyeza kitufe, akazima kioo. Kikawa cheusi.



Baba aliingia, akatuona tulivyo, akaweka mkono ndani ya kabati. Hakuutoa haraka. Aligusa trei ya juu, ya kati, ya chini, mpole kama anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Alipogeuka alikuwa amezeeka kidogo. Akauliza nini kimetokea. Alimuuliza shemeji lakini macho yake yalikuwa kwenye kile kioo cheusi.

"Kosa ni langu, mzee," alisema shemeji.



Akaeleza, na safari hii hakukuwa na darasa wala vidole vya kuhesabia. Alisema kompyuta ile ina mfumo wa kumhudumia mtu: mtu akitaka nyimbo, filamu, picha, yote unapokea, unagawa zamu, huyu kidogo, yule kidogo, haraka mpaka unadhani vyote vinakwenda pamoja. Zamu ikikwama kwa mmoja, waliobaki wanasubiri. Nyimbo zinaweza kusubiri, barua ya ofisini inaweza kusubiri. Yai haliwezi. Kile kiboksi cha kijivu nacho kina mfumo wake ndani, mdogo kama punje, wa aina ile aliyotuambia haituhusu. Haujui kucheza filamu wala kuchora gauni. Unajua kwamba kila baada ya muda fulani lazima uangalie joto, hata dunia ipinduke, na kuchelewa kwake ni sawa na kukosea.

"Nilijua tofauti hiyo tangu siku ya kwanza," akamalizia. "Nilitaka tu uone kioo kizuri. Aliyeweka mayai na mambo ya watu kwenye sahani moja ni mimi. Yeyote aliyegusa kitu humu, alikuwa anatumia kompyuta kama kompyuta inavyotumika."

Mimi kiboksi kile nilikuwa nakipiga teke kila nikipita jikoni na beseni. Kumwambia mtu kwamba kizuizi cha mlango kina akili yake, na kwamba hiyo akili ndiyo tuliyoikosa, ni kama kumwambia kwamba kiatu chake kimesoma. Lakini huo mshangao niliuweka akiba, kwa sababu nilikuwa namtazama baba. Akamtazama shemeji kwa muda ambao hata feni ilionekana kuchoka. Kisha akasema, polepole, kilete.

Nilikimbia mimi. Mlango wa jikoni ulijibamiza nyuma yangu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Shemeji akakifuta unga, akakifunga ubavuni mwa kabati, akaunganisha nyaya. Taa nyekundu ikawaka, na papo hapo kikaanza kupiga kelele, kelele yake ileile ya kuudhi, kama kichaa aliyefungiwa siku zote hizo akiwa na jambo moja tu la kusema: baridi, baridi, baridi. Mama alianza kulia kwa sababu ya sauti ile. Jirani mmoja alikuja na ndoo, tukamrudisha.

Joto likapanda. Kelele ikanyamaza. Tukawa hatuna la kufanya.

Mama akasema kuku naye hutoka kiotani, huenda akala, akazurura na mashoga zake, akarudi. Baba akasema hutoka kidogo, si asubuhi nzima. Wazee wa shemeji walipiga simu jioni hiyo kuuliza habari za vifaranga, dada akaenda kuipokea nje, nikamsikia akisema tunasubiri, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na daktari.

Kesho yake mchana baba alituita wote chumbani, na shemeji naye, aliyekuwa amekuja bila kualikwa na hakuna aliyemfukuza. Akazima feni. Akatuambia tunyamaze, na mimi akaninyooshea kidole peke yangu, kwa jina, Redio. Akachukua yai la trei ya kati akaliweka sikioni, macho amefumba. Nimewahi kumcheka baba kwa mambo mengi, lakini uso ule sikuujua. Akalirudisha. Akachukua jingine. Akalirudisha. La tatu alilishika muda mrefu, halafu akamnyooshea dada.

Dada akaliweka sikioni. Akampa shemeji, shemeji akanipa mimi, na mimi, naapa, nilisikia kitu humo ndani, chembamba, chenye hasira, kikigombana na ganda.

Siku yao ilipofika, hawakutoka wote. Trei ya chini ilituangusha karibu nzima, na baba alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wenye mayai, na shemeji akafuatana naye kila mlango. Lakini trei za juu zilijaa makelele na manyoya mabichi, na mmoja wao alitoka akanitazama mimi kama ninayedaiwa maelezo.

Jioni yake, kabla jua halijazama, nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Baba na shemeji walikuwa wamekaa kwenye benchi chini ya dirisha, migongo kwangu. Sikusikiliza kwa makusudi. Nilisogeza tu kiti.

"Kile kioo siku ile," alisema baba, "ulikizima wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

Shemeji alifikiri. "Kubana matumizi ya umeme, mzee."

Mchele ulinipalia ingawa sikuwa nimeutia mdomoni. Baba akakuna goti. Akasema kwamba asubuhi ile aliona kitu kimekwama, na alijua angepaswa kumwita mtu, lakini angemwitaje, amwambie nini kimekwama? Akaona namba ni nzuri, akajiambia yatajirekebisha. Alitembea sokoni muda wote huo huku gunia la chakula cha kuku halimwelemei kitu, kinachomwelemea ni kingine. Shemeji alisogea tu kidogo kwenye benchi, nafasi ya baba ikaongezeka.

"Waambie wazee wako waje Jumapili," alisema baba. "Waje na njaa."

Nyuma ya mlango kitu kilianguka kikavunjika. Kumbe kibaraza kile kilikuwa na wasikilizaji wawili.

Shemeji aliinuka kushukuru, hajui aanze na mkono gani. Baba akamkalisha. Alisema kompyuta ihamishiwe sebuleni leo leo, chumba cha mayai kibaki na kiboksi na mayai. Halafu akageuka, akaniona nilivyo na ungo wangu na masikio yangu, na badala ya kunifukuza akashusha sauti.

"Wewe mhitimu," akaniambia. "Yule malkia wa kopa. Alikuwa aende kwa mfalme yupi?"

Nilimwangalia baba yangu, yule wa makaa.

"Mfalme mweusi," nikasema. "Yeyote mweusi, baba."

"Nilijua," alisema baba, akaitikia kwa kichwa. "Nilikuwa nampeleka hukohuko."